Tairi la Mia na Arobaini

Simu ililia Jumatano asubuhi, Emerensiana akiwa anafuma mkono wa sweta la shule. Ilikuwa simu ya Jacob. Tangu mumewe azikwe, alikuwa ameiweka juu ya mashine ya kufumia, akiichaji kila ilipoisha, bila kujiuliza anaichajia nini.

"Jacob, mzigo wako umefika Makambako," ilisema sauti ya mwanamume. "Njoo ofisi ya mabasi uuchukue. Ni tairi, linatujazia nafasi."

"Sawa," alijibu Emerensiana.

"Kumbe siyo Jacob. Wewe nani?"

"Mke wake."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia."

Akakata simu, akaendelea kufuma. Alikwenda mistari sita ndipo alipogundua kwamba ameahidi kumwambia mtu aliyelala udongoni wiki ya tano sasa. Hakushtuka. Alitazama tu mahali alipokosea mishono, akafumua, akaanza upya.

Jacob alikuwa mkata miti. Alishika msumeno wa cheni kwenye mashamba ya misindano, na watu wa kijijini kwao Uwemba walimjua kwa mambo mawili: kucheka kwa sauti kubwa na pikipiki yake nyekundu ya spoti. Ilikuwa pikipiki ndogo, cc mia moja na hamsini, lakini tangi lake lilituna kifua mbele na kiti kiliinuka nyuma kama mkia wa jogoo. Siku aliyokufa kulikuwa na upepo. Wenzake walimwambia angoje utulie. Akasema amalize mmoja tu, tayari ameshaukata nusu. Mti ukageuka. Jioni ile mwenzake mmoja aliirudisha pikipiki nyumbani, haina hata mchubuko.

Emerensiana hakulia. Wanawake walimshika huku na huku wakidhani ataanguka; hakuanguka. Kaburini alitupa udongo alipoambiwa atupe. Waliokuja kuhani walisema "Pole," naye akajibu "Nimeshapoa," kama inavyojibiwa, na mwenyewe akaona ni kweli tupu: amepoa, kama chai iliyosahaulika mezani. Wengine walinong'ona kwamba huyu mjane moyo wake ni jiwe. Wengine walisema mwacheni, kilio kimemkwama. Yeye aliyasikia yote mawili kama habari za mtu wa kijiji cha mbali.

Aliulizwa mambo mengi katika wiki zile, na kila alichoulizwa alijibu sawa. Hilario, mdogo wa Jacob, alikuja akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Shemeji, wazee wanaona baada ya misa ya arobaini ile pikipiki niichukue mimi. Isikae bure ikaoza. Wewe unaonaje?"

"Sawa," alisema.

Misa ilikuwa juma lijalo.

Alhamisi asubuhi alimwendea mama mkwe wake, Teodora, jikoni. Bibi yule alikuwa akimenya viazi, na tangu msiba alikuwa hamtazami mkwewe usoni kwa muda mrefu.

"Mama, naenda Makambako. Kuna mzigo wa Jacob."

Kisu kilisimama. "Mzigo gani?"

"Tairi."

Teodora alikata jicho la kiazi, akalitupa. "Vaa koti lake," alisema. "Baridi ya mwezi wa saba haina adabu."

Kuendesha pikipiki alikuwa anajua. Jacob alimfundisha kwenye uwanja wa mpira, mwaka wa kwanza wa ndoa, akimkimbilia pembeni huku anapiga kelele, "Achia klachi taratibu, siyo kama unamwachia mbwa!" Alitoka Uwemba kwa barabara ya vumbi, akapita Njombe mjini, akashika lami. Majani ya kando ya barabara yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Mashamba ya chai yakapita, misindano ikapita, wauza maparachichi wakapita. Vidole vilikufa ganzi kwenye usukani na hakuona tofauti kubwa na sehemu nyingine za mwili wake.

Ofisini Makambako walimletea tairi lililozungushiwa karatasi ya njano. Lilikuwa zito kuliko alivyotarajia, na pana. Ubavuni liliandikwa namba, ya kwanza mia moja na arobaini. Akainama kutazama tairi la nyuma la pikipiki. Mia moja na kumi, na lilikuwa limeshakuwa kipara.

Hakujua alipeleke wapi. Alitoa simu ya Jacob, akatafuta ujumbe wenye neno tairi, akaukuta. Jina liliandikwa Elius Fundi Mkb. Fundi alikuwa ameandika: *Kaka 140 haivai vizuri kwenye ringi yako. Ringi ni nyembamba. Chukua 120.* Na Jacob alijibu: *Likifika naleta tu. Wewe funga, lawama zangu.*

Aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kisha akauliza watu, wakamwelekeza.

Elius alikuwa mtu wa kijiji cha Kidugala, mnene, mwenye sauti ya taratibu, na karakana yake ilikuwa banda la mabati lililotazama barabara. Alipoiona pikipiki alitabasamu kabla hajamwona aliyeipanda.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kibena. "Leo Jacob kamtuma shemeji?"

"Jacob hayupo," alisema Emerensiana akishuka. "Aliangukiwa na mti. Tulimzika mwezi wa sita."

Elius aliweka spana chini. Alivua kofia, akaishika kifuani. "Mbona sikuambiwa?" aliuliza. "Alinipigia simu... Ah. Pole, shemeji. Pole sana."

"Nimeshapoa. Tairi lake hili hapa. Naomba unifungie."

Fundi alilitazama tairi, akamtazama yeye. Alivuta kiti cha plastiki, akampa akae, naye akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Nikueleze, usije ukasema sikukwambia. Ringi hii imetengenezwa ibebe mia na kumi. Ukiinyoosha sana, mia na ishirini. Hili la mia na arobaini linataka ringi pana. Ukililazimisha hapa, midomo yake inabanwa huku na huku, tumbo linachongoka katikati. Badala ya kukanyaga barabara kwa upana, linakanyagia ncha. Unapanua tairi, unapunguza mshiko. Halafu huku," aligusa cheni, "nafasi hakuna. Litakuja kulamba cheni."

"Yeye ulimwambia?"

"Nilimwambia mdomoni, nikamwandikia."

"Akasemaje?"

Elius alikuna shingo. "Alisema gurudumu la nyuma linaonekana kama la baiskeli. Vijana wa shambani walikuwa wanamtania. Alitaka ijae macho, shemeji. Hakuna zaidi."

Emerensiana alingoja aone kama maneno yale yatamgusa popote. Hayakumgusa. "Funga," alisema.

"Shemeji..."

"Alilitaka."

Basi la Songea lilipita, mabati yakatetema. "Nikikataa utakwenda kwa mwingine, naye hatakueleza ukweli," alisema fundi. "Nitafunga. Lakini utazunguka hapa hapa, polepole, uone lilivyo, kisha urudi tuzungumze. Tumeelewana?"

"Sawa."

Aliinua pikipiki kwa stendi, akalegeza ekseli, akavua cheni, akatoa gurudumu. Tairi la zamani lilibanduka kwa urahisi kama ganda la kiazi kilichochemka. Jipya liligoma. Alilipaka povu la sabuni, akaliingiza mdomo mmoja kwa magoti na vyuma viwili, akazungusha, akasukuma, jasho likamtoka katika baridi ile. Alipojaza upepo, midomo ilidunda kwenye ringi kwa mlio kama wa bunduki. Kweli lilichongoka. Lilikuwa kama mtu mnene aliyefungwa mkanda wa mtoto. Kurudisha gurudumu kukawa kazi nyingine: ekseli ilirudishwa nyuma kabisa hadi mwisho wa tundu lake, kava la cheni likatolewa, madigadi ya ndani ikakatwa kipande. Mwishoni Elius alipitisha njiti ya kiberiti kati ya tairi na cheni. Ilipita, kwa shida.

"Likipata moto litatuna zaidi," alisema. "Zunguka hapa hapa."

Kwa nyuma ilipendeza. Hilo halikuwa na ubishi. Tairi lilijaa, jeusi, lenye vinyweleo vya mpira mpya, na pikipiki ndogo ikaonekana kama kaka wa ile ya asubuhi. Wapita njia wawili waligeuka kutazama. Emerensiana alivaa helmeti, akaondoka.

Alikuwa amekusudia kugeuka penye njia panda na kurudi. Lakini alipofika, pikipiki haikutaka kugeuka. Usukani ulikuwa mzito, kama kumvuta ng'ombe asiyetaka zizi. Mbele barabara ya Njombe ilikuwa imenyooka. Kwenda mbele hakukuhitaji nguvu, basi akaenda mbele. Hakuamua. Kwa wiki tano hakuwa ameamua jambo lolote, na hili halikuwa la kwanza kupita namna hiyo.

Kwenye mnyoofu pikipiki ilikwenda vizuri, ikinguruma chini kwa sauti nzito. Nyumba zikaisha, mashamba yakaanza. Alifika mwendo wa sabini. Karibu na Mtwango barabara ikaanza kupinda kushoto, kona ya kawaida tu, aliyoipita asubuhi bila kuifikiria.

Aliinamisha pikipiki. Ikakataa. Akaisukuma kwa mkono na kiuno, bado ikakataa, kisha kwa ghafla, kama mtu anayekubali kwa hasira, ikalala yote. Akaogopa inaanguka, akainyoosha. Ilinyooka, ikatoka nje ya kona, ikavuka mstari wa katikati. Mbele yake lilikuwa Fuso la viazi, linakuja, kubwa, na honi yake ikaijaza dunia.

Hakukumbuka baadaye alifanya nini. Alikumbuka bampa, na uso wa dereva nyuma ya kioo, na upepo wa gari ukimpiga ubavuni. Kisha alikuwa kwenye majani ya upande wa kulia, pikipiki imezimika chini yake, miguu yote miwili chini, na kuna kitu kinamgonga kifuani kutoka ndani kwa nguvu hata akashangaa ni nini. Ulikuwa moyo wake.

Fuso lilisimama mbele kidogo. Dereva alishuka, mzee mwenye sweta la kijivu, anatembea haraka.

"Dada! Unataka kuniachia kesi? Mimi nina wajukuu! Umeumia?"

"Hapana."

"Unanuka mpira unaoungua. Hebu tuone." Alizunguka nyuma, akainama. "Mama yangu! Cheni imekula tairi. Tazama hili. Nani amekufungia tairi la namna hii?"

Emerensiana alishuka, akatazama. Ubavuni mwa tairi jipya kulikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni, wenye kina cha kucha, na vumbi jeusi la mpira limerukia kila mahali. Aliutazama mfereji ule, na kitu kikapanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikafika kooni, naye akafikiri ni kile kilio ambacho watu wote wamekingoja. Hakikuwa kilio.

"Jacob!" alipiga kelele. Ndege waliruka kwenye misindano. "Mjinga wewe, Jacob! Umeambiwa halivai! Umeambiwa kwa mdomo, umeandikiwa, ukasema lawama zako! Ziko wapi lawama zako? Nani anazibeba sasa? Na upepo ule walikwambia ngoja! Walikwambia ngoja, ukasema mmoja tu! Mmoja tu! Nani alikutuma? Ule mti ungekimbia?"

Alilipiga tairi teke. Akalipiga tena. Mguu ukauma, uliuma kweli, akafurahi kwamba unauma, akalipiga la tatu.

Dereva alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. "Jacob ndiye fundi?" aliuliza kwa upole.

"Mume wangu. Amekufa."

Mzee yule akakaa kwenye majani, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. "Basi mgombeze," alisema. "Usiniangalie mimi. Maliza."

Lakini alikuwa amemaliza. Akakaa naye, akaanza kutetemeka mwili mzima, meno yakigongana, na hakuweza kuyazuia. Dereva alijitambulisha kuwa anaitwa Abel, anapeleka viazi Makambako. Alimpa maji kutoka kwenye dumu la gari. Yalikuwa na ladha ya dizeli kidogo, naye akayanywa yote. Abel akachukua spana, akajaribu kusogeza cheni, akashindwa.

"Utakwenda mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea," alisema, "na mimi nitakuwa nyuma yako. Mwenye haraka atanipita mimi kwanza."

Ndivyo walivyorudi. Pikipiki mbele kwa mwendo wa kumi na tano, cheni ikikwaruza, na nyuma yake Fuso lenye magunia ya viazi likiwasha taa za tahadhari pande zote mbili. Mabasi yaliwapita kwa honi. Abel naye aliyapigia honi, ndefu zaidi.

Elius alikuwa amesimama barabarani, kofia mkononi, anatazama upande wa Njombe. Alipoona msafara ule unakuja, alishika kichwa. Hakusema nilikwambia. Alisema tu, "Mungu asante," akaishika pikipiki kabla haijasimama vizuri. Abel alimwambia fundi mambo machache pembeni, akimnyooshea kidole, kisha akaja kumuaga Emerensiana.

"Huyo mumeo," alisema, "alikuwa na bahati ya mke. Kwaheri, dada. Shika kushoto."

Fundi alilivua tairi bila maneno. Lilipotoka aliliegemeza ukutani, mfereji ukitazama nje. "Hili nitalikata nitengeneze viraka na mipira ya kufungia," alisema. "Kwa gari halifai, kwa pikipiki halifai tena. Lakini ndani nina mia na ishirini, jipya. Chukua. Na usinitajie malipo, shemeji. Lile nililifunga kwa mikono yangu mwenyewe nikijua."

"Nilikulazimisha."

"Ulinilazimisha, nikakubali. Tugawane lawama."

Mia na ishirini liliingia bila ugomvi. Lilikaa kwenye ringi likiwa duara, ekseli ikarudi mahali pake, kava la cheni likafungwa. Wakati fundi anafanya kazi, mama mmoja wa jirani alipita na sinia la viazi vya kuchemsha na chumvi ya pilipili. Emerensiana alinunua vinne, akala. Akamwita tena, akanunua vingine vinne. Elius aliona, akajifanya anatafuta nati.

Safari hii alizunguka kweli hapo hapo, akarudi, akamwambia fundi, "Inainama."

"Inainama kama inavyotakiwa," alijibu Elius. "Nenda salama."

Alifika Uwemba jua bado lipo. Hilario alikuwa uani anapasua kuni za misa, na alipoiona pikipiki aliacha shoka akaja kuizunguka.

"Umebadilisha tairi, shemeji? Zuri. Juma lijalo nitakuwa naliosha kila siku."

"Hilario," alisema Emerensiana, "pikipiki nabaki nayo."

Kijana wa watu alisimama. "Lakini ulisema sawa."

"Nilisema. Nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Sasa nasema hapana. Nikipeleka masweta shuleni nitaiendesha mimi. Ukiwa na shida nayo, uniombe, nitakupa. Lakini ni yangu."

Hilario aliutazama uso wa shemeji yake, akaona huenda ni mara ya kwanza kwa wiki nyingi kwamba kuna mtu ndani yake. "Wazee nitawaambia mimi," alisema, akarudi kwenye kuni. Alizipasua kwa nguvu zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Jikoni, Teodora alimmiminia uji bila kumuuliza. Emerensiana alikaa kwenye gogo karibu na moto.

"Mama," alisema, "leo nimemgombeza Jacob."

Bibi aliinua macho. "Wapi?"

"Barabarani, karibu na Mtwango. Nimemwita mjinga. Nimesema kwa nini hakungoja upepo. Mbele ya dereva wa Fuso."

Mabega ya Teodora yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kelele, kile kile alichomrithisha mwanawe, naye akakizuia kwa upindo wa kanga, na kabla hakijaisha machozi yakawa yanamtiririka.

"Mimi namgombeza kila asubuhi," alisema. "Nikienda kuchota maji. Nasema, wewe mtoto, masikio nilikupa ya nini? Nikadhani niko peke yangu. Nikadhani wewe huna la kumwambia."

"Nilikuwa sina."

"Haya. Sasa tuko wawili."

Emerensiana hakulia. Alijua pengine kesho ataamka akiwa amepoa tena kama jana, na keshokutwa pia. Lakini uji ulikuwa wa moto, ukamchoma ulimi, akaupuliza.

Teodora alipangusa uso, akatazama kupitia mlangoni pikipiki nyekundu iliyosimama uani. "Kile kiti cha nyuma," aliuliza, "kinaweza kubeba bibi wa magoti mabovu? Jumatatu nina kliniki pale misheni."

"Kinaweza, Mama. Ila utanishika kiunoni, na kwenye kona usijinyooshe. Uiname na mimi."

"Nitainama," alisema Teodora, akamwongezea uji.